Nilivyompima mpwa wangu kwa kipimo cha makomando wa majini, hapa hapa Likoni

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne alikuwa na neno moja tu: komando. Si askari, si baharia. Komando wa majini. Sisi tunakaa Likoni, na Mtongwe, makao makuu ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, ni pua na mdomo, kwa hivyo sikushangaa. Kilichoniudhi ni ushauri aliopewa.

Jamaa wa jimu alimwambia ajaze kifua, ale mayai sita kila siku, afike kilo 85 kabla ya kwenda kusajiliwa. Kisha akatokea dalali, akamwambia mamake kwamba kwa laki mbili na ushee kijana ataingizwa moja kwa moja kikosi maalumu. Dada yangu alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa mbuzi wake.

Nilimketisha jioni nikamwambia, "Dada, ukomando hauna mlango wa barabarani." Mtu huwa askari kwanza. Kuruta wa KDF, yaani majeshi ya ulinzi ya Kenya, hupelekwa shule ya makuruta Eldoret, hapo ndipo mwanzo, na mambo ya vikosi maalumu huja baadaye, kwa kupepetwa tena na tena. Jeshi la Nchi Kavu lina batalioni ya 20 ya parachuti, ya 30 ya Special Forces na ya 40 ya Ranger Strike Force. Wanamaji wana chao cha mashua, Special Boat Unit. Recce wa GSU, wale walioingia Chuo Kikuu cha Garissa kupambana na magaidi Aprili 2015, si wanajeshi kabisa, ni polisi. Dalali yule alivichanganya vyote kama maharagwe na pojo. Hata Marekani, ambako kijana anaweza kuandikishwa akiwa ameshaahidiwa nafasi ya kujaribu u-SEAL, yaani ukomando wa majini wa kwao, bado hupitia kambi ya makuruta, kisha wiki 24 za mafunzo ya makomando hao kule Coronado, California, zikiwemo siku tano na nusu ambazo usingizi wake wote ni kama saa nne. Laki mbili zitakulalia hizo saa?

Na usajili wa KDF ni bure, hutangazwa magazetini, na anayetoa hongo hukamatwa pamoja na anayepokea. Urefu wanaotaka ni mita 1.60, uzito wa mwanamume usipungue kilo 54.55. Kijana wetu alikuwa na 61. Kilo 85 za nini?

Mbuzi wakabaki zizini. Sasa ikabaki bahari.

Kipimo nilichokichagua ni cha Wamarekani, kwa sababu kinajulikana kwa miaka mingi: kabla ya kukubaliwa kwenda Coronado, mtu aogelee yadi 500 kwa dakika 12 na sekunde 30, kwa kulalia ubavu au kwa mtindo wa chura. Yadi 500 ni kama mita 457. Mimi ni seremala, kupima ndiyo kazi yangu, nikaona hili halinishindi.

Nilichukua dumu mbili tupu za lita 20, kila moja nikaifungia gunia la mchanga, katikati nikapitisha kamba ya mita 50, nikazitia majini ndani ya mwamba pale ufuo wa Shelly. Mara tisa na kidogo, kwisha. Mpwa wangu akaingia, akatoka baada ya dakika 9! Tulishangilia hadi watu wakasimama kutazama. Mamake alipika biriani usiku ule.

Sikulala vizuri. Mtu aliyejifunza kuogelea juzi hawezi kumshinda mtu wa Coronado hivi hivi. Kesho yake maji yalipokupwa nilishuka na futi kamba yangu. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, mchanga umeachwa wazi, magunia yanaonekana. Yalikuwa yamekokotwa na mkondo yakasogeleana, na kamba imelegea inalala mchangani kama nyoka. Nilipima: mita 34. Kijana alikuwa ameogelea kama mita 306 tu. Kumwambia kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Alinyamaza, akasema, "Basi tupime upya, mjomba." Hapo ndipo nilipojua ana moyo wa kazi hiyo.

Hila niliyoipata siku ile najivunia hadi leo. Bahari yetu bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, kwa hivyo sakafu yake hukupa nafasi ya kupima kwa miguu mikavu. Nilipima mita 50 juu ya mchanga, nikachimbia mawe mawili ya matumbawe mazito, nikafunga dumu kwa kamba ndefu. Kisha tukangoja wiki nzima hadi maji mafu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, mkondo umetulia, tukaogelea maji yakijaa. Bamvua ya kupimia, maji mafu ya kuogelea. Ukifanya kinyume utajidanganya, au utachukuliwa.

Saa ya kweli ilisema dakika 15 na sekunde 40.

Aliyemsaidia si mimi, ni mzee mmoja mvuvi tuliyemkuta akipaka ngalawa yake sifa, yale mafuta ya papa. Alimtazama mara moja akasema, "Mwanangu, wewe unapigana na maji. Lala. Sikio moja lilaze kama uko kitandani." Mkono mmoja mbele umenyooka, wa pili unavuta hadi kiunoni, miguu inakata kama mkasi, kisha unatulia na kuteleza. Ile kuteleza ndiyo kila kitu. Kijana alipiga mikono 31 kwa mita 50. Baada ya miezi miwili akapiga 19. Mambo ya kufungwa mikono na miguu na kutupwa bwawani, ambayo makomando hufundishwa, nilimkataza hata kuyataja: wao wana wakufunzi na waokoaji kando, sisi tulikuwa na dumu.

Gharama? Kamba, nauli za tuktuk, mafuta ya ngalawa, labda elfu nne, tano hivi.

Jumamosi moja ya maji mafu, mzee akiwa na ngalawa pembeni, mimi na saa mkononi, alimaliza kwa dakika 12 na sekunde 11. Nililia, na sioni haya kulisema.

Siku ya usajili hakuna aliyemuuliza habari za kuogelea. Alikimbia, akakaguliwa meno, nyayo na vyeti, akarudi na barua ya kuitwa. Mamake aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni, kisha akatoka kwenda kuwalisha mbuzi.