Florence Lawrence na karatasi zilizomhifadhi

Jumapili, usiku

Kinachonirudisha kwa Florence Lawrence kila mara ni hiki: filamu alizocheza bila kutajwa jina zimetufikia kwa wingi, ilhali zile zilizouzwa kwa jina lake nyingi hazipo tena. Wengi wakimtaja husema nyota wa kwanza wa sinema, kisha hurukia kifo chake. Mambo yenyewe yako katikati.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1886 mjini Hamilton, Ontario, nchini Kanada, na jina lake lilikuwa Florence Annie Bridgwood. Lawrence ni jina la jukwaani la mama yake, Charlotte, aliyeongoza kikundi cha maigizo cha kuzunguka miji. Filamu aliingia kwa sababu ya farasi: kampuni ya Edison ilitaka msichana anayejua kupanda, ikamlipa dola 5 kwa siku. Akapitia kampuni ya filamu ya Vitagraph, na mwaka 1908 akafika nyingine, Biograph, kwa dola 25 kwa wiki.

Biograph ilifanyia kazi katika jumba lililokuwa makazi ya watu, namba 11 East 14th Street, New York. Ukumbi wa dansi uligeuzwa jukwaa na kumulikwa kwa taa za zebaki zilizomfanya kila mtu aonekane kijani kama mgonjwa. Filamu ya enzi hizo haikuona rangi nyekundu. Mdomo uliopakwa wekundu ulitoka mweusi tii, na macho ya buluu yalififia karibu kuwa meupe, hivyo aliyejipodoa kama wa tamthilia alionekana ana shimo usoni. D. W. Griffith aliongoza. Billy Bitzer alizungusha mkono wa kamera mara mbili kwa sekunde, na kila mzunguko ulipiga fremu 8, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Hadithi nzima ilibidi itoshe kwenye mkanda mmoja wa futi 1,000.

Hesabu hii inafaa kuijua kabla ya kumtazama. Futi moja hubeba fremu 16, kwa hiyo mkanda ni fremu 16,000; kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde, hiyo ni karibu dakika 17. Ukiuonyesha kwa fremu 24, kama filamu za sauti, unakwisha kwa dakika 11 na ushei, na waigizaji wanarukaruka kama walioingiliwa na siafu. Halafu watu husema uigizaji wa zamani ulikuwa wa papara! Shusha mwendo hadi 16 au 18, kisha umwangalie kwenye vichekesho vya familia ya Jones, anapocheza mke wa John Cumpson. Ni mtu mwingine kabisa.

Biograph haikutaja majina ya waigizaji, kwa hofu kwamba anayejulikana atadai nyongeza. Watazamaji wakambandika lao: Msichana wa Biograph. Mwaka 1909 yeye na mumewe, Harry Solter, walitafuta kazi kimyakimya kwenye kampuni nyingine. Habari zikavuja, wakafukuzwa, na Carl Laemmle wa kampuni ya IMP akawachukua.

Machi 1910 Laemmle alitoa tangazo la kukanusha uvumi, ulioenezwa mjini St. Louis, kwamba msichana huyo alikufa kwa kugongwa na tramu. Kwa kawaida inaelezwa kwamba uvumi wenyewe uliasisiwa upande wake, nami sioni sababu ya kupinga. Mwezi huohuo Lawrence akapelekwa St. Louis pamoja na King Baggot, umati ukajaa kuhakikisha kama yu hai. Hila ya sokoni, lakini jina likashika. Kumwita wa kwanza duniani ni kutia chumvi kidogo, maana Max Linder wa Ufaransa alikuwa akivuma karibu wakati uleule.

Sasa nije kwenye karatasi. Hadi Agosti 1912, sheria ya hakimiliki ya Marekani ilitambua picha za mnato tu, filamu hazikutajwa. Kampuni zilizoogopa kunakiliwa zikapata ujanja: zikachapa filamu nzima, fremu kwa fremu, juu ya mkanda wa karatasi ya picha, zikausajili kama picha za kawaida katika Maktaba ya Bunge, Washington. Biograph ilisajili kwa bidii kuliko wengi. Mikanda hiyo ikasahauliwa ghalani kwa miongo.

Kuirudisha kwenye filamu hakukuwa lelemama. Karatasi ilikuwa imekauka na kujikunja, kwa hiyo ilihitaji unyevu kabla ya kunyooshwa, na ilikuwa imesinyaa, kila mkanda kwa kiasi chake. Kamera ya Biograph ilijitobolea matundu yenyewe wakati wa kupiga, hivyo nafasi kati ya fremu hazikulingana, na mashine ya kawaida ya kunakili ingetoa picha inayocheza. Kemp Niver alitengeneza njia ya kupiga picha upya fremu moja moja, kazi iliyompatia tuzo ya heshima ya Oscar mwaka 1955. Tahadhari kwa mtazamaji: baadhi ya mikanda hiyo haina vibao vya maandishi, na mingine ina matukio yasiyofuatana, kwa kuwa ilisajiliwa kabla ya kuunganishwa. Usimlaumu Griffith.

Filamu za IMP, na za Victor, kampuni ambayo Lawrence aliianzisha na Solter mwaka 1912, hazikuwa na bahati hiyo. Nitrati, mkanda uliotumika kwa filamu za wakati huo, hunata, huvunjika kuwa unga, na ikishika moto huendelea kuwaka hata ndani ya maji. IMP iliingia kampuni ya Universal mwaka 1912, na mwaka 1948 Universal yenyewe iliharibu negativu zake, yaani mikanda asilia ya kunakilia, za filamu za kimya.

Mengine yanajulikana. Aliumia katika tukio la moto la filamu ya mwaka 1914, na mgongo haukurudi sawa. Alibuni mkono wa gari unaoinuka kuonyesha upande unaokata, na kibao cha nyuma kinachosema simama breki ikikanyagwa, ila hakuvisajili. Mama yake ndiye aliyesajili kifutio cha kioo cha umeme mwaka 1917. Kuanzia 1936 kampuni ya filamu ya MGM ilimlipa dola 75 kwa wiki kwa vijisehemu. Alijiua tarehe 28 Desemba 1938, akiwa na ugonjwa wa uboho.

Kaburi lake Hollywood halikuwa na jiwe hadi 1991, mwigizaji mmoja Mwingereza alipogharamia bila kutaka kutajwa. Jina limeandikwa sawasawa. Mwaka wa kuzaliwa umewekwa 1890.