Tuone Alikula, Akabweka, na Bado Alikuwa Mgonjwa

Mbwa wangu anaitwa Tuone. Jina alimpa marehemu baba, ambaye mbwa wake wote walibeba majina ya kuwajibu majirani. Ni koko mwekundu, masikio yamesimama, na kazi yake ni kulinda mikorosho yetu upande wa Naliendele, hapa Mtwara, tangu korosho zinapoanza kudondoka hadi gunia la mwisho lifike ghalani. Kwa miaka mitano sikuwahi kumpeleka kwa daktari wa mifugo kwa ajili ya ugonjwa, maana sikuuona ugonjwa. Ugali wake na dagaa alimaliza, na usiku hakuna mtu aliyepita njia ya kwetu bila yeye kumtangaza.

Chanjo ya kichaa alikuwa anapata, hilo sikulikosa. Huku kusini tumezoeshwa. Miaka ya 2010 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, na siku hizi tangazo likipita, watoto wenyewe ndio wanaoburuta mbwa kwa kamba hadi ofisi ya mtaa. Lakini sindano ikishachomwa nilimrudisha nyumbani, na habari ya daktari ikaishia hapo mpaka mwakani.

Mjomba wangu, ambaye amefuga mbwa kabla sijazaliwa, alikuwa na kipimo chake: "Mwanangu, koko haugui. Mshike pua. Ikiwa mbichi na ya baridi, mbwa mzima." Nilimwamini, na pua hiyo nimeishika asubuhi nyingi sana. Sasa nataka ieleweke: siku Tuone alipogundulika ana ugonjwa wa kumuua, pua yake ilikuwa mbichi na ya baridi kama kawaida. Kila nikimsikia mtu anampa mwenzake ushauri ule roho inaniuma.

Ilikuwa tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, iliyowekwa siku aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya kichaa. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yetu ilipofika, daktari hakushika sindano. Alimwinua Tuone mdomo wa juu, akatazama, akaniuliza, "Dada, fizi za mbwa wako umeziangalia lini?"

Sikuwa nimeziangalia hata siku moja. Akamwita kijana aliyekuwa nyuma yetu, akainua mdomo wa mbwa wake pia ili nilinganishe. Fizi za yule zilikuwa za rangi ya waridi, kama ulimi wa mtoto. Za Tuone zilipauka kama tui. Akabonyeza ufizi kwa kidole gumba na kuachia, akanionyesha kwamba damu inatakiwa irudi haraka, isizidi sekunde mbili. (Mbwa wengine wana fizi nyeusi na huwezi kuona kitu, hao vuta kope ya chini ya jicho uangalie ndani yake.)

Basi akamlaza mezani. Joto lilikuwa 38.9, akasema hilo ni la kawaida, kwa sababu mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2, ndiyo maana ukimshika unahisi ana moto kuliko wewe. Akambonyeza tumbo taratibu akakuta bandama imevimba. Akapekua ndani ya masikio na katikati ya vidole, akatoa kupe wa kahawia saba au wanane. Chanjo ikaahirishwa, damu ikachukuliwa kwenda maabara.

Majibu yalipotoka niliambiwa ni ugonjwa wa kupe, ule ambao wataalamu wanauita ehrlichia. Kupe wa kahawia akimng'ata mbwa anamwachia bakteria ndani ya damu. Wiki za mwanzo mbwa anaweza kupata homa na kulegea, kisha anainuka na kuonekana amepona. Hapo ndipo ugonjwa unapojificha, miezi au hata miaka, huku chembe zinazogandisha damu zinapungua. Hatua ya mwisho mbwa anatokwa damu puani, na wengi wakifika huko hawarudi. Tuone alikuwa kwenye ule ukimya wa katikati. Ningesubiri dalili ambayo mtu yeyote angeiona, ningekuwa nimesubiri damu ya puani.

Baadaye nikakumbuka jambo moja. Zamani tukienda shamba yeye ndiye alitangulia, nikimkuta amelala chini ya mkorosho wa kwanza. Mwaka ule alikuwa anatembea nyuma yangu. Nilidhani ametulia kwa umri.

Daktari aliuliza kupe nawaondoaje, na nikamweleza ukweli. Mwaka mmoja kabla, kwa ushauri wa watu, nilimpaka oili chafu ya gari mwili mzima. Kupe walidondoka kweli, na mimi nikafurahi. Usiku akajilamba, akatapika mpaka asubuhi, ngozi ya tumbo ikababuka, na baada ya wiki tatu kupe walikuwa wamerudi. Daktari akanieleza sababu: kupe yule haishi kwa mbwa tu. Akishiba anashuka, anapanda ukutani, anataga kwenye nyufa. Nilipofika nyumbani nikachukua tochi nikamulika kibanda cha Tuone kilichokandikwa udongo. Nyufa zilikuwa zimejaa. Tulikipiga dawa, tukaziba nyufa zote, tukarudia dawa kama alivyoelekeza. Na kama unamwogesha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, usiichanganye kwa kukisia kifuniko. Uliza kipimo cha mbwa.

Tiba ilikuwa kapsuli za doksisaiklini kwa siku 28, na kiasi kinakwenda kwa kilo. Nikaulizwa mbwa ana kilo ngapi. Nani anajua kilo za koko? Nikamfunga Tuone kanga tumboni kama mbeleko, nikampakata, nikapanda naye kwenye mzani wa kusimama wa jirani anayenunua ufuta. Kisha nikamshusha, nikapanda peke yangu. Nikitoa uzito wangu zinabaki kilo 17. Daktari aliposikia akasema kwa umbo lile alitakiwa avuke 20. Mbwa ninayemwona kila siku alipungua kilo tatu, nami sikuona, kwa kuwa manyoya yanaficha mbavu na jicho linazoea. Tangu hapo nampima kila mwezi, na naandika kwenye daftari lilelile la hesabu za korosho.

Kumpa dawa ndiko kulikonitoa jasho. Siku ya kwanza niliweka kapsuli ndani ya tonge la ugali. Alikula tonge lote, akaiacha kapsuli chini, safi, kama imeoshwa. Siku ya pili niliifungua nikakoroga unga wake kwenye maziwa, akanywa, nikajipongeza. Nilipopiga simu kueleza, daktari alinikatisha: maziwa yanaishika dawa hiyo, haiingii mwilini inavyotakiwa. Siku ya tatu nilimfungua mdomo kwa nguvu, na yeye akakaa mvunguni mwa kitanda mpaka magharibi.

Siku ya nne nilipita feri, kwenye soko la samaki, nikanunua mkia wa pweza, nikauchemsha bila chumvi, nikakata vipande vitatu vidogo. Cha kwanza nikampa kitupu, akatafuna taratibu, akanusanusa, akaridhika. Cha pili nilikipasua, nikasokomeza kapsuli ndani. Kabla sijakiachia, mkono wa pili tayari ulikuwa umekishika cha tatu mbele ya pua yake. Ile tamaa ya cha tatu ikamfanya akimeze cha pili bila kutafuna! Nikampa cha tatu, kisha maji, ili kapsuli isikwame kooni. Siku zilizobaki zote nilifanya hivyo, na hakuna hata moja iliyotemwa. Pweza alipoadimika nilitumia maini ya kuku, mambo yakawa yaleyale. Mtu akiniambia mbwa wake hanywi dawa namuuliza kwanza vipande vilikuwa vingapi.

Shangazi yangu hagusi mbwa, ni mtu wa swala tano, na sikuwahi kumlazimisha. Lakini ndiye aliyekuwa ananiita kila jioni kutoka barazani, "Umempa? Zimebaki ngapi?" Siku niliyochelewa shamba nilikuta amenichemshia maini na kuyafunika kwa sahani.

Dozi ilipoisha korosho zilikuwa zimekwisha kuanza kudondoka, na Tuone alitangulia shamba. Fizi zilichukua muda zaidi kurudi rangi. Damu ilipimwa tena, chanjo ikachomwa. Gharama yote, vipimo na dawa na bajaji, sina hesabu kamili, lakini haikufika laki moja. Pweza nadhani ndiye aliyekula zaidi.

Sasa naenda naye kila mwaka kabla ya msimu, awe anaonekana mzima au la. Mwaka uliofuata hakukutwa na kitu. Mjomba akasema nimetupa hela, nami nikamjibu kwamba siku hiyo ndiyo niliyolala vizuri kuliko zote, kwa sababu nimeambiwa na mtu aliyepapasa bandama yake. Mwaka mwingine lilikutwa jino limepasuka, amelificha kwa kutafunia upande mmoja. Nilikuwa namwona akila kila siku.

Mtoto wa mbwa anahitaji kuonwa mara nyingi zaidi, kwa ajili ya minyoo na chanjo zake. Mzee naye vivyo hivyo. Tuone sasa anakaribia miaka tisa, mdomo umeanza mvi, na daktari ametaka nimlete kila miezi sita. Mwezi wa tatu mvua ilitukatia njia, tukachelewa wiki moja. Juzi nimempima: kilo 21 na nusu.