Je, Ni Lazima Mtoto Anayenyonya Acheue Kila Mara?

Hapa Uyole, Mbeya, mtoto mchanga hamalizi kunyonya bila mtu kuuliza kama amecheua. Atauliza bibi yake, atauliza wifi, na hata jirani aliyeingia kuomba kaa la moto atauliza kabla salamu hazijaisha. Swali lenyewe ni jema, kwa maana linaonyesha kwamba mtoto ana watu. Tatizo ni dhana iliyomo ndani yake, kwamba kila akinyonya ni lazima usikike mlio wa kucheua, na kwamba mama anayemlaza mtoto bila kuusikia amefanya uzembe. Kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, sivyo ilivyo.

Hewa huingia tumboni pamoja na maziwa pale mtoto asiposhika titi vizuri, pale anapoanza kunyonya huku analia, au pale maziwa yanapotoka kwa kasi akalazimika kuyagugumia. Mtoto wa chupa kwa kawaida humeza hewa nyingi zaidi. Aliyeshika titi vizuri humeza kidogo, na mara nyingi hewa hiyo hutoka yenyewe anapohamishwa kutoka titi moja kwenda jingine. Kwa hiyo kwangu mimi kazi ya kumcheulisha huanza kabla hajanyonya, katika kumpakata na kumweka kwenye titi: mdomo uwe umefunguka sana, mdomo wa chini ubinuke kwa nje, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu iingie kinywani, hasa ule wa upande wa chini. Ukisikia kinywa kinatoa mlio wa kubofyabofya, au ukiona mashavu yanabonyea kwa ndani kila anapovuta, pitisha kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake ili aachie, kisha umweke upya.

Akishanyonya, mwangalie yeye kabla ya kuangalia saa. Aliyeshiba huachia chuchu mwenyewe. Ngumi iliyokuwa imekazwa chini ya kidevu hufunguka kidole kimoja kimoja, mkono ukalegea, na tone la maziwa likabaki kwenye kona ya mdomo. Huyo akisinzia, sioni sababu ya kumwamsha ili tu acheue. Mwenye hewa hujulikana: huacha titi na kulirudia, hujinyonganyonga, hupinda mgongo na kukunja miguu. Mweke begani, tumbo lake likiegemea kifua chako, au mkalishe pajani akiinama mbele kidogo huku kiganja chako kikishika taya wala si koo, kisha umsugue mgongo taratibu kutoka chini kwenda juu. Wapo wanaompiga mtoto mgongoni kana kwamba wanakung'uta mkeka, jambo ambalo halina faida yoyote. Dakika chache zinatosha, na asipocheua, huenda hana hewa ya kutoa. Utafiti uliofanyika Chandigarh, India, kwa akina mama 71 na watoto wao, uliona kwamba kucheulishwa hakukupunguza kilio cha tumbo, na kwamba waliocheulishwa walirudisha maziwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao.

Kilio cha jioni ndicho kinachowachanganya wengi. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mafinga, alipokuja kutusaidia uzazi alikiita chango tangu siku ya kwanza kukisikia, akataka mtoto apewe maji ya uvuguvugu yenye sukari.

"Mama, kliniki wamesema asipewe chochote mpaka atimize miezi 6, hata maji," nikamwambia.

"Sawa, mwanangu, lakini tumbo ni lake, si la kliniki. Nipe mtoto."

Akampokea, akamwegemeza kifuani wima, akamzungushia kitenge, akaanza kutembea naye barazani huku akimwimbia kwa Kihehe mpaka akatulia. Hapo nilimvulia kofia, maana kilio cha namna hiyo huanza katika wiki za mwanzo, huzidi karibu na wiki ya 6 na hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4, na muda wote huo kubebwa wima na kutembezwa taratibu kunawatuliza watoto wengi, ilhali maji ya sukari huchukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo na yanaweza kumletea kuhara.

Baridi yetu ya Juni na Julai ina mambo yake. Mtoto huvishwa sweta, akafungwa shali, kisha kanga ikakazwa juu yake mpaka tumbo lililojaa likabanwa na maziwa yakarudi. Afadhali akae kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, ndani ya sweta lako mwenyewe, kwa dakika 10 hadi 20 baada ya kunyonya. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu. Kisha mlaze chali, mahali tambarare, bila mto, hata kama ni mtoto wa kurudisha maziwa. Wazee huhofia kwamba atapaliwa, lakini mtoto akilala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo ni vigumu zaidi kwa maziwa yaliyorudi kuingia kwenye mapafu.

Maziwa kidogo yanayomwagikia kwenye mikunjo ya shingo, meupe au yaliyoganda, yasikutishe ikiwa mtoto ni mchangamfu na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki. Hali hiyo huzidi karibu na mwezi wa 4, na kwa wengi huisha kabla hawajatimiza mwaka. Lakini akitapika kijani au damu, akiyarusha maziwa mbali kwa nguvu kila anyonyapo, akikataa kunyonya, akilegea, akipata joto la nyuzi 37.5 au zaidi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au akikojoa mara chache kuliko kawaida yake, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo, wala usingoje kukuche.