Kuziba alama za kokoto kwenye boneti, hapa Dodoma

Ukifuata lori kwenye barabara ya Dodoma–Morogoro, boneti lazima lidonolewe na kokoto. Alama ikiishia kwenye praima, yaani rangi ya msingi iliyo chini ya rangi ya gari, inaweza kusubiri. Bati likionekana, usingoje mvua za Desemba: kutu itapenya chini ya rangi ya pembeni na kuiinua, na hapo kazi inakuwa ya fundi rangi.

Rangi usinunue kwa kukisia. Toyota nyingi kutoka Japani zina kibati ndani ya chumba cha injini. Tafuta maandishi C/TR; namba inayofuata hapo ndiyo ya rangi. 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 silva. 070 ni nyeupe ya lulu, nayo hutaka nyeupe chini na lulu juu kabla ya klia (rangi angavu ya juu kabisa), kwa hiyo kuifananisha ni kazi. Gari likiwa limeshapigwa rangi upya, jaribu kwanza sehemu iliyojificha, maana namba inaweza isilingane.

Osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kwa spiriti uondoe polishi na mafuta. Tina, ile ya kuzimulia rangi, iache kando. Rangi nyingi zilizopigwa mtaani hulainika nayo. Penye kutu, gundisha kipande kidogo cha msasa namba 400 kwenye ncha ya kijiti, usugue ndani ya shimo tu mpaka bati liwe safi. Ukibakiza hata doa la kahawia, kutu itarudi.

Kinachoharibu kazi hii zaidi ni haraka. Watu hudondosha tone moja nene la rangi wajaze shimo lote. Juu hukauka, ndani bado mbichi. Baadaye tone linanywea na kupasuka. Tumia kijiti cha meno: praima mkono (tabaka) mmoja mwembamba, subiri saa moja. Rangi mikono 2 au 3, kila mmoja ukauke, ibaki chini kidogo ya usawa. Silva itikise sana, chembe zake huzama. Klia ndiyo ijaze mpaka ivuke usawa kidogo.

Fanya asubuhi, kivulini, kabla upepo haujaamsha vumbi. Boneti lililochomwa na jua hukausha rangi kabla haijatandaa, na vipovu hubaki.

Liache siku kadhaa. Kisha msasa namba 2000 na maji ya sabuni, umeviringwa kwenye kifutio kigumu, usugue kilichovuka tu, umalizie na kompaundi, dawa ya kung'arishia rangi. Nta ipake baada ya mwezi. Bampa la plastiki halishiki kutu, ila lina praima yake. Bila hiyo rangi hubanduka.