Eksirei za Swift ni rahisi, urujuanimno ndio wenye mitego

Anayetaka kuchunguza galaksi zenye kiini amilifu (shimo jeusi kubwa la katikati linalomeza gesi na kung'aa) akiwa Mbarara au Kampala hana haja ya kusubiri darubini ijengwe. Hata ingejengwa kileleni Rwenzori isingemfaa kwa kazi hii: angahewa huzuia eksirei zote, na ozoni humeza sehemu kubwa ya urujuanimno. Lazima chombo kiwe angani. Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa eksirei za anga, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hizi data za Swift, satelaiti ya NASA iliyorushwa Novemba 2004, ziko kwenye HEASARC, hifadhi ya data ya NASA mtandaoni, na hazilipiwi.

Uzuri wa Swift ni kwamba darubini zake mbili, XRT ya eksirei (0.3 hadi 10 keV, kipimo cha nishati ya fotoni) na UVOT ya urujuanimno na mwanga wa kawaida (kioo cha sentimita 30), hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kiini cha galaksi hubadilika ndani ya siku, na kwa eksirei hata ndani ya saa chache, kwa hiyo eksirei za Machi hazilinganishwi na urujuanimno wa Juni.

Upande wa eksirei umerahisishwa sana. Kituo cha data cha Swift kule Leicester hukutengenezea spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) kwenye seva zake, nawe unapakua faili ndogo tu. Kwa mwenye bando dogo na umeme wa kukatikakatika, hiyo ndiyo njia. Ukiamua kuchakata data mwenyewe kwa HEASoft, programu za NASA za kazi hii, angalia kwanza kiwango cha fotoni. Katika hali ya PC (XRT inapohesabu fotoni moja moja na kutoa picha kamili), kigunduzi husomwa kila baada ya sekunde 2.5. Chanzo kikizidi takriban fotoni 0.5 kwa sekunde, fotoni mbili huanza kuhesabiwa kama moja yenye nishati ya zote mbili: chanzo kinaonekana hafifu kuliko kilivyo, na spektra inaelemea nishati za juu. Dawa yake ni kuondoa kitovu cha picha na kutumia pete inayokizunguka.

Ndani ya XSPEC, programu ya kulinganisha spektra na modeli, linganisha kwanza 2 hadi 10 keV na mstari wa kipeo (power law) uliozidishwa na tbabs, yaani modeli ya ufyonzaji wa gesi iliyo njiani, kisha urefushe modeli hadi 0.3 keV. Data zikipanda juu ya modeli chini ya 1 keV, hiyo ndiyo ziada ya eksirei laini. Ukiwa na fotoni mia tatu tu, usipime ulinganifu kwa khi-mraba, tumia C-stat, takwimu inayofaa fotoni zikiwa chache.

Sasa UVOT, ambako wengi hupita mbiombio. Chora duara lenye nusukipenyo cha sekunde-tao 5 juu ya kiini, na la mandharinyuma lenye nusukipenyo cha 20 mahali pasipo na nyota, kisha endesha uvotsource, amri ya HEASoft inayopima mwangaza. Kabla ya kuamini namba, fungua picha yenyewe. Nyota zikiwa zimerefuka badala ya kuwa duara, satelaiti haikutulia, na sehemu ya mwanga imetoka nje ya duara lako. Kigunduzi pia kina mabaka yenye usikivu mdogo. Kiini kikiangukia baka, mwangaza katika UVW2 (kichujio cha mawimbi mafupi kuliko vyote vya UVOT; UVM2, UVW1, U, B na V hufuata kuelekea mawimbi marefu) unaweza kushuka kwa asilimia 10 au zaidi, na mtu akadhani galaksi imefifia. Mpe uvotsource faili ya kalibresheni ya mabaka hayo; nukta inayoshuka peke yake katika urujuanimno huku V ikiwa imetulia, itilie shaka.

Vumbi la galaksi yetu nalo lina gharama yake. Katika UVW2 ufifizaji, kwa magnitudo, ni zaidi ya mara nane ya E(B−V), kipimo cha jinsi vumbi linavyowekundisha mwanga. E(B−V) ikiwa 0.05 tu, unapoteza magnitudo 0.4, yaani karibu theluthi moja ya mwanga. Usiposahihisha, uwiano wa urujuanimno wa 250 nm na eksirei za 2 keV utakudanganya kwamba kiini kina eksirei nyingi kuliko kawaida. UVW1 na UVW2 pia hupitisha kidogo mwanga wa kawaida, hivyo nyota za galaksi yenyewe huingia kwenye kipimo. Ukipewa kichujio kimoja tu, chagua UVM2.

Ukipima ucheleweshaji kati ya vichujio, yaani muda ambao mabadiliko ya mwangaza katika kimoja hufuata yale ya kingine, kiangalie U kwa jicho kali. Kwa galaksi ya NGC 5548, kampeni ya uchunguzi ya 2014 ilipata ucheleweshaji takriban mara tatu ya uliotarajiwa kwa sahani ya gesi inayozunguka shimo jeusi, na U ikazidi mwelekeo wa majirani zake, kwa kuwa gesi iliyo mbali zaidi na kiini nayo hutoa mwanga wake katika mawimbi hayo.