Nilivyoiwinda namba 84215045

Kwa karibu wiki tatu, nikifumba macho naiona 84215045. Haikuwa namba ya simu wala ya kununulia umeme. Ilijitokeza kwenye skrini mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika 7, na kila nilipoiona nilijua kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haiko mbali na kuanguka.

Kazi yenyewe niliianza kwa kujifurahisha. Kuna mfumo endeshi mdogo wa kufundishia unaitwa xv6, ulioandikwa MIT. Toleo lake la sasa ni la prosesa za RISC-V, nasi tusio na ubao wenyewe tunaliendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, likidhani lina prosesa tatu na kumbukumbu ya megabaiti 128. Uzuri wake ni kwamba kerneli nzima unaweza kuisoma ukaimaliza. Kilichoniudhi ni kwamba kila mchakato (programu inayoendeshwa) una uzi mmoja tu, yaani mfululizo mmoja wa amri zinazotekelezwa. Nikasema ngoja niongeze nyuzi, kadhaa zikitumia jedwali moja la kurasa, yaani orodha inayoonyesha kumbukumbu ya programu iko wapi. Siku nne tu ikawa inafanya kazi, nikatamba mbele ya wenzangu.

Kisha nikaandika jaribio la uchokozi. Uzi wa kwanza unaiomba kerneli ukurasa mmoja wa kumbukumbu kwa wito wa sbrk, unaandika 7 kwenye nafasi ya 500, halafu baadaye unaurudisha ukurasa kwa sbrk(-4096) na hapo hapo unafungua paipu, bomba la kupitishia data. Uzi wa pili nikaupa jina la king'ang'a. Huyu hasikii la mtu: anaandika hesabu yake kwenye nafasi ya kwanza ya ukurasa ule na kusoma nafasi ya 500, mfululizo, na akikuta kitu kisicho 7 anakinakili pembeni. Nilichotegemea ni kwamba ukurasa ukisharudishwa, king'ang'a atauawa kwa kugusa anwani isiyo yake, na kerneli itaendelea na shughuli zake.

Hakufa. Alisoma 7, 7, 7, kisha 16843009, kisha 84215045 mara maelfu, ndipo akafa.

Nilizigeuza namba hizo kwenda heksadesimali nikacheka peke yangu: 0x01010101 na 0x05050505. Ndani ya xv6, sehemu ya kerneli iitwayo kfree ikipokea ukurasa uliorudishwa huujaza baiti za 1 kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwenzake kalloc ikiutoa kwa mwombaji huujaza baiti za 5. Ni makusudi, ili anayetumia ukurasa usio wake aumbuke. Na kwa kuwa ukurasa uliorudishwa mwisho ndio unaotolewa kwanza, paipu ilipewa ukurasa ule ule. Paipu hutumia baiti mia tano na ushei za mwanzo, na nafasi ya 500, kila nafasi ikiwa baiti nne, iko kwenye baiti ya 2000, kwa hiyo zile 5 zilibaki pale zikimsubiri king'ang'a.

Kusoma si kitu. Kuandika ndiko kulikoniondolea usingizi. Mwanzoni mwa muundo wa paipu kuna kufuli, alama inayozuia wawili kuitumia kwa wakati mmoja, na king'ang'a alikuwa akiandika hesabu yake juu ya kufuli hilo: paipu inaonekana imefungwa na mtu asiyekuwepo, na anayeitaka anasubiri milele. Nilipoondoa paipu kwenye jaribio mambo yakawa mabaya zaidi. Ukurasa ulio huru hutumia baiti zake 8 za kwanza kuhifadhi anwani ya ukurasa huru unaofuata. King'ang'a akaandika juu yake, na kalloc ilipoifuata anwani ile nikapata panic, yaani kerneli kujisimamisha: kerneltrap, scause 0xd (kosa la kusoma ukurasa usiopo), stval 0x2c41d7 (anwani iliyoguswa). Hiyo stval kwa hesabu ya kawaida ni 2900439, yaani zamu ya king'ang'a aliyokuwa amefikia. Kosa la programu ya kawaida lilikuwa limeingia hadi chumbani kwa kerneli na kukaa kitandani.

Nilipoendesha kwa prosesa moja, CPUS=1, tatizo halikutokea hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kuishuku TLB.

Anwani ambayo programu inaitaja siyo anwani halisi ya kumbukumbu. Prosesa hupita kwenye jedwali la kurasa, ngazi tatu kwa mpango wa Sv39, kutafuta ukurasa halisi wa baiti 4096 uko wapi. Kupanda ngazi tatu kwa kila tendo ni mzigo, kwa hiyo kila prosesa hutunza majibu ya karibuni kwenye hifadhi yake ndogo, ndiyo TLB. Ukifuta mstari kwenye jedwali, hakuna anayeiambia TLB. Ni kama mtu wa bodaboda aliyezoea kupeleka gunia la mkaa kwa mama ntilie fulani. Mama kahama, fremu kapewa fundi simu, lakini bodaboda haulizi, njia anaijua. Asubuhi fundi anakuta mkaa umemwagwa juu ya meza ya simu za watu.

Kwenye xv6 ya kawaida balaa hili halipo, kwa sababu njia ya kurudi kwenye programu kutoka kerneli daima hupitia amri ya sfence.vma, inayofuta TLB ya prosesa husika. Uzi ukiwa mmoja, aliyerudisha ukurasa ndiye pekee aliyekuwa na njia kichwani, naye kichwa kinafutwa akitoka kerneli. Mimi nilikuwa nimeongeza wa pili kwenye prosesa nyingine. Yeye husafishwa tu saa inapompiga na kumpeleka kerneli, karibu mara 10 kwa sekunde. Katikati ya mapigo mawili ana nafasi ya kufanya uharibifu wa kutosha.

Dawa ya kwanza niliyojaribu naona aibu kuisimulia: nilichomeka sfence.vma ndani ya uvmunmap, sehemu ya kerneli inayoondoa kurasa kwenye jedwali. Amri hiyo husafisha prosesa inayoitekeleza tu. Nilikuwa najinawa mikono mimi ilhali mwenye uchafu yuko chumba cha pili.

Nilipokuwa pale ndani ya uvmunmap nikaona jingine. Mpangilio wake wa asili ni kuita kfree kwanza, kisha kufuta mstari wa jedwali. Kwa uzi mmoja hakuna anayeona tofauti. Kwa nyuzi nyingi, ukurasa unapewa mtu mwingine wakati jedwali lenyewe bado linauelekeza kwa mwenyewe wa zamani. Mpangilio sahihi una hatua tatu na hauna njia ya mkato: futa mstari, hakikisha kila prosesa imesahau, ndipo uachilie ukurasa. Linux hufanya hivyo hivyo. Inapoondoa eneo la kumbukumbu hukusanya kurasa pembeni, husafisha TLB, kisha ndipo huziachilia. Na hata huko watu waliteleza. Mwaka 2018 Jann Horn wa Google Project Zero alionyesha kwamba mremap, wito wa kuhamisha eneo la kumbukumbu, ilikuwa ikiachia makufuli ya jedwali la kurasa kabla TLB haijasafishwa, kosa lililopewa namba CVE-2018-18281. Nilipolisoma nilijisikia nafuu kidogo, sitaficha.

Hatua ya kati ndiyo yenye jasho. ARM wana amri inayotangaza usafishaji kwa prosesa zote kwa pigo moja. Kwenye x86 desturi ya miaka yote imekuwa kutuma katizo (ishara ya kuisimamisha prosesa ishughulikie jambo jingine) kwa kila prosesa na kungoja ijibu. Ukifungua /proc/interrupts kwenye kompyuta yenye Linux utaona mstari ulioandikwa TLB, ukihesabu makatizo hayo. Mimi nikafuata njia ya katizo: ramani ya CLINT (kifaa kinachopeleka makatizo kwa prosesa) ndani ya kerneli, naandika 1 kwenye rejista ya prosesa ninayotaka kuigutusha, nayo inasafisha TLB yake na kuongeza namba yake ya kukiri.

Kituko cha kwanza kilikuwa cha saa. Toleo nililokuwa nalo ni la zamani kidogo, ambamo pigo la saa huingia kwanza hali ya mashine (ngazi ya juu kabisa ya mamlaka ya prosesa) kisha hupitishwa kwa kerneli kama katizo la programu. Na makatizo yangu yalipita mlango huo huo. Kwa hiyo kila mtu aliporudisha kumbukumbu, prosesa namba 0 ilihesabu pigo la saa. Programu iliyoomba kulala kwa mapigo 100 iliamka kabla sijanyanyua kikombe cha chai.

Cha pili hakikuchekesha. Mfumo uliganda kimya, bila ujumbe wowote. Nikaunganisha gdb, chombo cha kuchunguza makosa, nikaandika info threads, ambayo kwenye QEMU huonyesha kila prosesa iko wapi. Prosesa 0 ilikuwa kwenye kitanzi changu ikingoja prosesa 2 ikiri. Prosesa 2 ilikuwa ndani ya acquire, sehemu ya kushika kufuli, inazunguka ikingoja kufuli la jedwali la kurasa, na acquire ya xv6 huzima makatizo kabla ya kuanza kuzunguka. Kufuli lenyewe lilikuwa mkononi mwa prosesa 0. Huyu anamngoja yule asikie, yule kaziba masikio mpaka huyu aachie.

Sheria iliyotokana na usiku ule nimeiandika juu kabisa ya faili: usitume katizo la kusafisha TLB ukiwa umeshika kufuli la kuzunguka. Kufuli la jedwali nikalibadilisha likawa la kulala, ambalo anayelisubiri hulala badala ya kuzunguka. Jaribio likapita. Nikalala.

Kesho yake likanishinda mahali nisipotegemea. Kerneli inapompelekea mtu data, copyout hutafuta anwani halisi kwa mkono: walkaddr inapita kwenye jedwali, inaleta anwani, anwani inawekwa kwenye kigeu, kisha memmove inanakili. Kati ya kuipata anwani na kunakili, uzi mwingine unaweza kuurudisha ukurasa ule. Hapo TLB haihusiki kabisa, unaweza kuisafisha mpaka ing'ae. Kigeu kile nacho ni njia iliyokaririwa, na hakuna katizo linaloweza kukisahaulisha. Nikajaribu kushika kufuli la jedwali wakati wa kunakili. Lakini piperead, inayosoma paipu, huita copyout ikiwa imeshika kufuli la paipu, la kuzunguka, na huruhusiwi kulala ukiwa na kufuli kama hilo. Jibu la kerneli lilikuwa fupi: panic: sched locks.

Nilimpigia kaka mmoja aliyenitangulia kazini, mtu wa mifumo ya benki, asiyejua xv6 lakini anayejua kusubiri. Nikammwagia yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mdogo wangu, kwani nani kakulazimisha uuachilie sasa hivi?"

"Kaka, mtu karudisha kumbukumbu. Nisipoiachilia si itapotea?"

"Sijasema usiiachilie. Nimesema sasa hivi."

Nikaona jambo lililokuwa mbele yangu muda wote. Prosesa zote zinasafishwa zenyewe kila zinaporudi kutoka kerneli, na saa inazirudisha huko mara kadhaa kwa sekunde, zitake zisitake. Kwa nini nizigutushe? Nikatengeneza chumba cha kungojea. Ukurasa ukirudishwa, mstari wake unafutwa, lakini kfree haiitwi. Ukurasa unaingia chumbani ukiwa na nakala ya hesabu ya kila prosesa, hesabu inayoongezeka kila prosesa inaporudi kwenye programu au inapopita kwenye kitanzi cha kuchagua kazi. Hesabu zote tatu zikishasonga mbele ya zile zilizonakiliwa, hakuna TLB inayoukumbuka, na ukurasa unaachiliwa. Kwa upande wa copyout na mwenzake copyin, inayochukua data kutoka kwa programu, nikazima makatizo kwa muda wa kutafuta anwani na kunakili ukurasa mmoja. Baiti 4096 ni kufumba na kufumbua, na katikati yake prosesa haiwezi kuhesabiwa kuwa imepita. Yale makufuli ya paipu yakaacha kunisumbua.

Haikuwa bure. usertests, majaribio yanayokuja na xv6, ilianza kulalamika kwamba kurasa huru zimepungua, FAILED -- lost some free pages, kwa sababu wakati inahesabu, nyingine zilikuwa bado chumbani. Sasa sbrk ikikosa ukurasa hungoja mapigo mawili ya saa, humwaga chumba, hujaribu tena. Vilevile anwani iliyorudishwa siitoi tena kwa mtu mpaka ukurasa wake uwe umetoka chumbani. La sivyo uzi mmoja ungeona ukurasa mpya na mwenzake ule wa zamani, kwa anwani ile ile.

Makatizo sikuyatupa. Kwenye fork (mzazi kuzaa mchakato mtoto) ya kunakili wakati wa kuandika, kurasa hubadilishwa ziwe za kusoma tu, na hapo huwezi kumwambia mtu angoje pigo la saa: akiandika hata mara moja kupitia njia ya zamani, mtoto na mzazi wanachanganyikiwa data. Hapo bado nagutusha na kungoja, bila kufuli la kuzunguka mkononi, na katizo langu sasa lina alama yake ili saa isidanganyike.

Jaribio la king'ang'a nimeliacha ndani ya usertests. Usiku mmoja niliendesha mzunguko mpaka asubuhi kwa prosesa tatu, kisha nikarudia kwa nane. Kwa kuwa ukurasa wake haujazwi chochote mpaka yeye ausahau, anasoma 7, 7, 7, saa inampiga, anakufa.