Kadi mbili za grafiki na joto la kaskazi

Kompyuta ya kadi mbili ikianza kukwamakwama kaskazi ilipopamba moto, usikimbilie kuilaumu draiva. Tazama kwanza joto la kadi ya juu. Hiyo ndiyo inayoteseka, kwani feni zake zimeelekea mgongo wa kadi ya chini na hewa inayoivuta imeshapashwa moto. Tena kwenye magemu kadi mbili kwa kawaida huchora fremu, yaani picha moja moja za gemu, kwa zamu. Ya juu ikipunguza kasi, ya chini hubaki inaisubiri.

Vipimo vingi vya mtandaoni vimechukuliwa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Feni haiwezi kukifanya kitu kiwe baridi kuliko hewa ya chumbani, na kila digrii inayozidi chumbani huzidi takriban vivyo hivyo kwenye chipu. Kadi iliyotulia kwenye 75 huko kwao, ndani ya chumba cha nyuzi 32 itaelekea 85. GTX 1080 Ti, kadi ya Nvidia, imewekewa kiwandani lengo la nyuzi 84. Ikifika hapo inakata kasi yenyewe. Ndiyo maana kwetu Unguja na Pemba dawa ya kwanza si kuongeza feni bali kupunguza joto linalozalishwa.

Kila 1080 Ti hula wati 250. Mbili ni 500, na zote mwisho wake ni joto. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme mpaka asilimia 80 kwa kila kadi, kisha weka alama mipangilio ianze pamoja na Windows, la sivyo ukizima na kuwasha yote yamerudi kama mwanzo. Hapo umetoa wati 100 bila ya kununua hata skrubu. Fremu zinazopotea mara nyingi hazifiki asilimia 10. Humo humo ondoa alama inayozilinganisha kadi zinazofanana, ili ya juu uipe mwendo wake wa feni: asilimia 50 kwenye nyuzi 50, 75 kwenye 65, na 100 kwenye 80. Makelele yatakuwapo. Vaa hedifoni.

Halafu nafasi. Sloti moja, yaani nafasi ya kuchomekea kadi, ni milimita 20 na ushei, na kadi mbili zilizogusana hazina pa kupumulia. Acha angalau sloti moja tupu baina yao, na daraja la SLI (kiungo cha Nvidia kinachozifanya kadi mbili zichore gemu pamoja) ulinunue kwa kufuata nafasi hiyo. Lakini soma kitabu cha mazabodi kabla ya kuiteremsha kadi ya chini: kwenye mazabodi nyingi za kawaida sloti ya mwisho ina njia nne tu za data, na SLI inataka nane. Anayefanyia kazi Blender, programu ya kuchora picha za 3D, hatajali. Wa magemu kadi zake hazitaungana. (Na wa magemu ajue kwamba Nvidia iliacha kutoa profaili mpya za SLI (mipangilio ya kila gemu) kwa kadi za RTX 20 na za kabla yake tangu 1 Januari 2021. Kwa gemu jipya, kadi moja nzuri inatosha.)

Mbele ya kesi weka feni tatu za kuingiza hewa, nyuma moja ya kutoa, na juu moja, iwe upande wa nyuma. Ukiiweka juu kwa mbele itaiba hewa baridi kabla haijazifikia kadi. Kama ubavu wa kesi una tundu la feni, feni ya milimita 120 inayopuliza baina ya kadi mbili inasaidia kuliko zote. Hewa inayoingia izidi inayotoka, vumbi lisipate kupenya kwenye nyufa zisizo na chujio.

Na vumbi letu si vumbi tu. Mji Mkongwe kuta zinamwaga chokaa, na karibu na pwani hewa inabeba chumvi. Unyevu ukipita asilimia 75 hivi, chumvi hiyo hujivutia maji na kuwa utando unaopitisha umeme. Machujio yaoshe kila wiki mbili, kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, na yakauke kabisa. Kompresa ya fundi wa mipira usiikaribie, kwani hutema maji. Tumia bloa ya umeme, na mapanga ya feni yashike kwa kidole yasizunguke.

Joto la chipu na la sehemu yake yenye moto zaidi yakipishana kwa zaidi ya nyuzi 25, huenda pesti inayopitisha joto baina ya chipu na kipoza imekauka. Isafishe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kisha paka mpya. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi. Pedi mpya za kupitisha joto ziwe na unene ule ule wa za zamani: iliyo nene kuliko ya zamani kwa nusu milimita inainua kipoza na kukiachanisha na chipu.

Pangaboi halipunguzi joto la hewa, linatupoza sisi kwa sababu tunatoka jasho. Kadi haitoki jasho. Kompyuta ya wati 700 inamwaga chumbani BTU (kipimo cha joto) 2,400 hivi kwa saa, zaidi ya robo ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 9,000. Kiweke kwenye 25 au 26. Ukiteremsha mpaka 18 kompyuta ikiwa imezimwa, kisha mlango ukafunguliwa wakati wa masika, hewa ya nje itageuka matone juu ya chuma baridi. Hapo usiiwashe mpaka iwe imepata joto la chumba na kukauka.